Twiga Sita wa Kofia ya Kwaya

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Siku njema kuliko zote! Mwalimu wa Ufumaji ametangaza kwamba kwaya ya shule itavaa kofia za sufu kwenye mashindano, kwa sababu ule ukumbi una baridi ya kugonganisha meno. Darasa letu ndilo litakalozifuma. Rangi mbili. Kila mmoja alete mchoro kwenye karatasi ya miraba pamoja na kofia moja ya mfano, Jumatatu ijayo. Utachaguliwa mchoro mmoja tu. Na mwenye mchoro atapanda basi na kwaya!

Basi! Mimi! Nilitolewa kwenye kwaya mwaka juzi. Mwalimu wa Kwaya alisema kwa upole kwamba sauti yangu ipumzike kidogo. Mpaka leo imepumzika. Kila mwaka basi likiondoka mimi hubaki getini nikipunga mkono. Hata mkono huchoka.

Mwalimu wa Ufumaji aliandika kanuni tatu ubaoni. Kwanza, rangi moja iwe nyepesi na nyingine nzito; ukiwa na shaka, fumba macho nusu, na kama rangi zimemezana, badilisha. Pili, uzi unaosubiri zamu yake hupita nyuma ya kazi, basi usiupitishe zaidi ya vitanzi vitano, wala usiuvute. Tatu, kitanzi si mraba: upana wake umezidi kimo, kwa hiyo mchoro ukifumwa hufupika. Nimezinakili zote na kuzipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ni kanuni nzuri sana kwa wanaoanza.

Adui yangu ni Rula. Anakaa dawati la mbele yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hupiga mstari kwa rula hata chini ya jina lake. Hajawahi kudondosha kitanzi. Leo aliniazima kifutio bila kuombwa.

Anatafuta nini?

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mchoro nimeupata! Twiga. Waimbaji hunyoosha shingo, twiga ana shingo. Akili ya nani hiyo? Yangu. Twiga sita kuizunguka kofia, kila mmoja na pembe zake. Kaka alichungulia, akauliza kwa nini sita, kwani mbuga nzima imekataa kuingia? Kaka huwa na wivu wa kimya kimya.

Baada ya chai nikamwaga kitandani mfuko wa Mama wa mabaki ya sufu. Raha iliyoje! Manjano na chungwa: zikagombana papo hapo. Zambarau na kahawia: msiba. Waridi na kijivu: kama homa inayoanza. Kisha nikaona bonge la rangi ya damu ya mzee limelala juu ya bonge la kijani kizito, na moyo ukaruka. Hizo! Hizo hizo!

Mama alikuwa anapiga pasi. Aliniambia nifumbe macho nusu kwanza. Nikafumba. Sikuona damu ya mzee wala kijani, niliona giza la aina moja. Bila shaka nilifumba kupita kiasi.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Rula ameniuliza nimechagua nini! Waziwazi, mchana kweupe, na tabasamu juu. Nikajibu kwamba bado natafakari. Akasema naye bado, kichwa chake kitupu, kila anachochora kinafanana na sakafu ya bafu.

Naam. Mwenye kichwa kitupu ndiye huiba cha jirani. Kipindi cha mwisho nikaorodhesha mbinu nne, na ya tatu ndiyo tamu: dawa ya mwizi ni chambo.

Nikisubiri maji ya chai yachemke, nikachukua karatasi moja iliyokuwa juu juu kwenye begi, nikabuni mchoro mbaya kuliko yote duniani. Haukuchukua hata dakika kumi. Meno ya msumeno, vitanzi vitatu hivi, vitatu vile, kuzunguka kichwa mpaka uchoke. Rangi nikaandika zile ambazo hata paka wa jirani hawezi kuzipenda: buluu ya wino na nyeupe ya maziwa. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: SIRI KUU. Kesho asubuhi itakuwa chini ya dawati la Rula.

Nimecheka peke yangu mpaka Bibi akauliza kama nimekula kitu.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Amenasa! Amenasa! Amenasa!

Kwanza nilidhani mpango umeharibika, maana badala ya kuificha karatasi aliipeperusha hewani akiuliza ni ya nani. Wote wakakana. Akanigeukia mimi, akasema mwandiko huu kama anaujua. Nikafanya uso wa malaika. Nikamwambia sijawahi kuiona, na cha kuokota ni cha aliyeokota. Aliuliza tena mara ya pili, eti nina hakika? Nikasema nina hakika kama ninavyojua jina langu. Akasema ni mchoro mzuri sana.

Masikini! Nikaangalia dirishani nisije nikaangua kicheko.

Nyumbani nimefuma mpaka vidole vikaota moto. Nyuzi za nyuma zinaning'inia kama tambi, kwa sababu kutoka twiga hadi twiga ni vitanzi kumi na moja. Nimezivuta vizuri. Sasa zimenyooka.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kofia imekwisha. Niandike ukweli, kwani shajara haina pa kwenda kusema.

Nilimpelekea Bibi kwanza, ambaye hunisifu hata nikipiga chafya. Akaishika kwa mkono ulionyooka. Akasema ni kofia safi, rangi ya matope haichafuki upesi. Nikamwambia kuna wanyama. Akaisogeza dirishani. Akatafuta. Nikamwongoza kwa kidole, hapa mguu, hapa pembe, mpaka uso ukamng'aa, akasema, "Aa! Mbuzi!"

Nikamwambia ni twiga. Akanishika bega, akasema, "Mke mwenzangu, hawa ni mbuzi, tena wamenenepa, usiwaonee aibu."

Kaka akaja kusuluhisha. Akasema si mbuzi, ni makochi.

Halafu haivaliki. Imejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kichwani kwangu ilikaa utosini na kuruka. Kwa Kaka iliingia gotini tu, na si gotini tulikoanzia. Mwisho Mama akaivisha birika la chai. Ikalitosha kabisa! Chai ilikaa moto mpaka jioni, na Mama akasema katika kazi zangu zote hii ndiyo ya kwanza kuleta faida.

Sikati tamaa. Wasanii wengi hawakueleweka na bibi zao. Tena mpinzani wangu amebeba meno ya msumeno!

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nianzie wapi?

Kofia zilipangwa kwenye meza ndefu. Mwalimu wa Ufumaji akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba macho nusu, akaanza kupita kwa kidole. Alipofika kwangu aliuliza kama nimeamua kuleta ya rangi moja. Akasogea, akainama, akaangalia, akauliza kwa huruma kwa nini kuna vifaru.

Kisha akafika kwa Rula. Jamani! Meno yale, buluu ya wino juu ya maziwa, yalikuwa yanaruka meza nzima! Yalionekana toka mlangoni! Kofia imelala laini kama imemwagwa. Darasa lote likasema "Aaa," na mdomo wangu msaliti ukasema nao. Mwalimu akatangaza kwamba huu ndio. Nikapiga makofi kwa vidole viwili. Niliona geti. Niliona mkono wangu ukipunga.

Hapo Rula akasimama. Akasema ufumaji ni wake lakini mchoro si wake, ameuokota, na haoni vizuri kupewa sifa ya mwingine. Akamkabidhi Mwalimu karatasi. Mwalimu akaigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na orodha. Mwandiko wangu. Imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. MBINU ZA KUMWANGUSHA RULA. Mwalimu akasoma zote nne kwa sauti, pamoja na ya tatu: mtegee mchoro mbaya.

Nilitamani kuingia ndani ya kofia yangu, lakini haiingiliki.

Darasa lilicheka mpaka mtu akaanguka kutoka benchini. Rula alicheka kuliko wote, machozi yakalowesha rula yake. Mwalimu alisubiri watulie, akasema tabia yangu tutaizungumza faragha (tumeizungumza, dakika arobaini), ila mchoro ni wangu, na mwenye mchoro anapanda basi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na Rula je? Rula akanishangaa. Akasema yeye anakwenda hata hivyo. Anaimba sauti ya tatu. Miaka miwili sasa.

Sikujua! Kwaya ikiimba mimi huziba masikio na kufumba macho, kwa uchungu, na getini hulipungia basi bila kutazama madirishani. Wiki nzima nimepigana na mtu ambaye hakuwa vitani.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika ndani ya basi! Ndani! Bibi alikuwa getini akipunga mkono, nami nikampungia kutoka upande huu wa kioo, na ni utamu usio na mfano. Vichwa ishirini na vinne, vyote na meno yangu. Rula ameniachia dirisha, na kalamu hii ni yake.

Mwalimu wa Ufumaji ametangaza kwamba tukirudi tutafuma glavu za kwaya. Mashindano mapya! Nimeshachagua: twiga. Kosa la mwanzo nimeligundua, damu ya mzee haikuwa nzito ya kutosha. Nalo kosa la chambo ni kwamba kilikuwa kizuri mno. Safari hii nitachora kibaya kweli.

Mbinu zangu mpya, saba, nimekwisha kuziandika kwa mpangilio. Sikuwa na karatasi, basi nimetumia nyuma ya karatasi ya nyimbo ya Rula na kuirudisha polepole kwenye jalada lake. Pale hakuna mtu atakayeziona.