Nguo Yangu Iko Wapi

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Jina hilo alijipa mwenyewe mwaka aliponunua koti la suti, na watu wakalikubali kwa sababu koti lenyewe lilikuwa zuri. Alhamisi moja asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi chumbani kwa shangazi yake, fundi cherehani, koti juu, taulo chini, akisubiri suruali yake iongezwe kiuno. Kula kwa watu kunanenepesha.

Shangazi alishona kwenye ghorofa ya pili ya jengo kuukuu lenye ushoroba mrefu na vyumba arobaini, kila chumba fundi wake. Mafundi wote walifungulia redio moja, stesheni moja, tangu asubuhi hadi kufunga. Ungeweza kutoka kwenye ngazi ukaenda chooni mwisho wa ushoroba na usikose hata neno moja la taarifa ya habari.

Siku hiyo taarifa ilizidiwa na kelele za mteja chumba cha jirani.

"Uliniambia Jumatatu!"

"Mama, kweli nilisema Jumatatu."

"Leo Alhamisi!"

"Sasa mama, mimi nilisema ya wiki gani?"

Mkurugenzi alitega sikio. Akasikia mteja mwingine chumba cha tano, na mwingine kule mwisho. Wote swali lao lilikuwa moja: nguo yangu iko wapi? Akahisi joto fulani kifuani, lile linalompata mcha Mungu akisikia wito, na linalompata mwizi akiona dirisha wazi.

"Shangazi," akasema, "nimeanzisha kampuni ya teknolojia."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akaieleza. Mteja anapiga namba, mfumo unamwambia nguo yake imefika wapi: haijakatwa, imekatwa, inashonwa, tayari. Magazeti na redio vitaitangaza. Mafundi wataona aibu kubaki nje, na kila mmoja atalipa kiingilio. Hakusema kwamba kiingilio kingekusanywa Jumamosi asubuhi na kwamba basi la kwenda mbali huondoka Jumamosi saa sita. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amemlea.

"Na kampuni yenyewe ipo?"

"Shangazi, kampuni ni kama mimba. Mwanzoni haionekani."

"Mimba nazijua. Huwa zina mama. Mafundi hawa hawakujui wewe, wananijua mimi. Miaka ishirini na mitatu niko ushoroba huu. Ukipotea, mlango watakaogonga ni huu."

"Nani kasema napotea?" akasema Mkurugenzi, akavaa suruali na kupotea kwa siku nzima.

Alianzia gazetini. Alijua kila chumba cha habari kina ugonjwa wake, na ugonjwa wa gazeti ni karatasi. Alimpelekea mhariri barua ya kurasa nne yenye mhuri. Mhuri ulikuwa wa chama cha wafuga nyuki kilichokwisha vunjika, lakini ulikuwa wa duara, na mhariri yule aliheshimu sana mihuri ya duara.

"Nani mwingine ameitoa habari hii?" mhariri akauliza.

"Redio. Kesho."

"Basi sisi kesho alfajiri."

Redioni akapanda ngazi mbili mbili.

"Nani ameitoa?" akauliza mtangazaji.

"Gazeti. Kesho alfajiri."

"Basi ni ya kweli hiyo. Ila redio haina picha, ndugu yangu. Nataka sauti ya mtu. Mwanzilishi ni nani? Ana historia ya kuumiza?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa. "Mwanzilishi ni mama mjane. Fundi. Akisimulia, hata mimi huwa natoka nje."

Wa tatu alikuwa dada mmoja mwenye chaneli ya mtandaoni, aliyefanya kazi peke yake kwa simu moja na taa ya duara. Huyu hakutaka barua wala mjane.

"Teknolojia hainiletei mtazamaji hata mmoja, kaka. Nani kagombana na nani?"

"Mafundi wa mjini wameapa kunishughulikia," Mkurugenzi akanong'ona. "Wanasema nimekuja kufichua siri zao."

"Hapo sasa! Sogea kwenye mwanga."

Kwa miaka kumi na mmoja Mkurugenzi alikuwa na amri moja tu aliyoishika: sura yake isipigwe picha. Lakini dada alimwambia ana taya la kiongozi. Akasogea kwenye mwanga. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akaacha hata kovu la nyusi lionekane.

Jioni akamwendea shangazi amwombe aende redioni. Alitarajia ugomvi. Shangazi akakata uzi kwa meno.

"Nitakwenda. Ila nitasema ninalolijua tu."

"Hilo tu ndilo nataka, shangazi. Na ukiweza kulia kidogo."

Ijumaa saa nne, shangazi aliketi mbele ya kipaza sauti akiwa amekunja mikono kama yuko ibadani. Mkurugenzi alisimama nyuma ya kioo. Kule ushorobani cherehani arobaini zilinyamaza.

"Mama," akaanza mtangazaji kwa sauti ya msibani, "tuupime mfumo wako hapa hapa. Mimi nina gauni langu kwa fundi wa chumba cha tisa. Liko wapi?"

"Lile la zambarau? Halijakatwa. Jana paka alikuwa amelilalia."

Mtangazaji alisahau sauti ya msibani. "Aliniambia bado vifungo tu!"

"Ni fundi mzuri. Cherehani yake imekatika mkanda, akaona aibu kukwambia. Wiki ijayo mwisho wa wiki utalipata."

Ushorobani, fundi wa chumba cha tisa alimsukuma paka taratibu.

"Mama, mfumo huu umeupata wapi?"

"Napita mlango kwa mlango kila siku kuwasalimu wenzangu. Ukisalimia, unaona."

"Na fundi akitaka kujiunga, kiingilio ni kiasi gani?"

Nyuma ya kioo Mkurugenzi alinyoosha vidole vitano, akavikunja, akavinyoosha tena. Shangazi alimtazama. Akaona koti, akaona vidole, akaona na mlango wa chumba chake ukigongwa na watu arobaini.

"Sijawahi kusikia mtu akilipia kusema ukweli," akasema. "Ni bure. Akija mtu kuwadai kiingilio, mshikeni mniletee. Sitaki apigwe."

Mtu mwingine angeondoka mjini mchana ule ule. Mkurugenzi aliwaza usiku kucha, akaamka na faraja. Redioni wametaja kiingilio. Usajili hawakuutaja.

Jumamosi asubuhi akapanda ghorofani na kitabu cha stakabadhi, akaanza chumba cha kwanza. Hakufika cha tatu. Mafundi walimfunga mikono kwa utepe wa kupimia, na mmoja wao, kwa mazoea, akasoma kipimo cha kifundo cha mkono kwa sauti. Wakampeleka kwa shangazi kama walivyoagizwa.

Fundi wa chumba cha tisa ndiye aliyesema. "Mama, sisi hatuna maneno mengi. Huyu ni wako au si wako? Ukisema si wako, tunajua la kumfanya. Ukisema ni wako, basi jina lako na lake limekuwa moja, na kuanzia leo hata ukitusalimu kwa mkono tutahesabu vidole kama vimebaki."

Shangazi alishona kwanza hadi mwisho wa mshono. Kitambaa hakisubiri.

"Ni wangu," akasema. "Mtoto wa kaka yangu. Amekuja kuanza kazi."

"Kazi gani?"

"Kwani gazeti hamkusoma? Limeandika kampuni ina mfumo unaofika kila chumba kila baada ya nusu saa. Mimi miguu yangu haiwezi hiyo. Mfumo ni huyu. Mfungueni, aanze chumba cha kwanza."

Mfumo ukafunguliwa, ukaelekea chumba cha kwanza, ukashuka ngazi, ukakimbilia stendi.

Ilikuwa saa tano na nusu. Mkata tiketi alimpokea hela, akamtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena.

"Wewe si yule wa nguo? Geuka kidogo. Haya, kovu lile! Kaka, nina sketi kwa fundi mwezi wa pili huu."

"Umenifananisha, dada."

"Nimekufananisha na taya hilo?"

Kondakta akasogea: shati. Mama mwenye mzigo kichwani: sare tatu za watoto. Dereva akazima injini kabisa na kuteremka, maana suruali yake ya harusi ilikuwa chumba cha thelathini na mbili na harusi ilikwisha pita. Mkurugenzi alitazama umati ule akaelewa kwamba hakuna mji basi lile lingemfikisha ambako watu hawavai nguo na hawana simu. Tapeli anayejulikana hana kazi nyingine ila ya halali.

Saa saba alikuwa ameketi kwenye benchi la shangazi. Hakuulizwa alikuwa wapi. Alipewa maji ya kunywa, kalamu, na orodha ya majina kumi na nne ya wateja wanaoulizia nguo zao.

Wiki ya tatu akaja mwandishi kutoka jarida moja la mambo ya teknolojia, kijana wa miwani, mpole, mwenye maswali kwenye karatasi. Alikuwa amekwisha ona kompyuta nyingi maishani na hapa hakuona hata moja. Akachungulia chini ya meza ya kukatia.

"Samahani mama. Mitambo yenu mmeiweka wapi?"

"Imekwenda chumba cha thelathini na mbili kuangalia suruali," akasema shangazi, akavuta kitambaa chini ya sindano. "Kaa hapo, inarudi sasa hivi. Ila ikirudi, baba, usiipe hela."