Mbegu za Bei Nafuu kwa Swala wa Abu Mishal

Jumapili, 4 Januari 2026. Malaz, Riyadh.

Leo nimeliona shamba la baba! Nilidhani ananipeleka kuosha gari jingine, kazi yangu hapa Malaz kwa miaka miwili sasa. Kumbe tunakwenda jangwani, mwendo wa saa moja na nusu. Mchanga mwekundu mpaka macho yanachoka. Kimya mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi. Nilivua kofia bila kuambiwa.

Baba, yaani Abu Mishal, kafili wetu, mwajiri aliyetuleta nchi hii, alituonyesha mimi na Lawrence kiwanja mwisho wa shamba, upande usio na uzio. Ng'ambo yake kuna swala walioachiliwa waishi huru, hawaguswi na mtu. Anataka kiwanja kipandwe kitu cha kuwavuta waje kula. Wageni wake watakuja kuwatazama Ijumaa tarehe 30.

Kwa sababu nimejisifu kwamba mimi ni mtoto wa Kitale na mbegu zinanijua, kazi nimepewa mimi. Swala wakija, nitakuwa mtunza shamba. Nyumba ya mtunza shamba ina chumba cha mume na mke! Baba ameahidi kumchukua Metrine wangu mkataba wake wa Jeddah ukiisha mwezi ujao. Wasipokuja, shamba ni la Lawrence, dereva, mwenye cheti cha kilimo anachokibeba hata akienda kunyoa.

Jumatatu, 5 Januari.

Duka la mbegu. Mifuko imepangwa mpaka dari, nikasimama kama niko kanisani. Kisha nikasoma bei. Mungu wangu!

Lawrence akashauri tununue tu, eti mfuko una lebo inayosema mbegu ngapi kati ya mia zitaota. Nikamjibu kwamba lebo haioti. Nikamweleza baba kuwa Jeddah ni bandari, kila kitu hushukia huko, kwa hiyo mbegu ni nafuu. Hilo sina hakika nalo. Nina hakika Metrine yuko huko. Baba akasema yalla, nenda. Nauli ya basi sikuitaja.

Ijumaa, 9 Januari. Hindawiyah, Jeddah.

Nimemwona mke wangu.

Miaka miwili amekuwa uso kwenye simu. Leo ana mikono, ana viatu, ana harufu ya sabuni ya ile kliniki anayosafisha. Nilimpa mkono kama nasalimia mchungaji. Akaniuliza kama nimekula. Tukanunua wali na kuku, tukala kwenye ngazi za nyumba anayoishi na Wakenya wenzake sita, na sikumbuki ladha ya hicho chakula.

Halafu akaharibu kwa kunishauri. Eti niende wanakouza chakula cha kondoo ninunue shayiri, ni rahisi na huota haraka. Kwanza nifunge punje kumi kwenye kitambaa chenye maji, siku tatu, nione ngapi zimechipua. Nikamwambia kwa upole kwamba mke wangu, kilimo niachie mimi.

Maana tayari nilikuwa nimeliona duka! Magunia wazi mpaka barabarani, mbegu za kila rangi, sijui Mungu alipata wapi muda. Pembeni gunia moja la mwaka jana, mzee mwenye duka anataka limtoke, bei ya kutupa. Mbegu nyeupe, bapa, za jamii ya tikiti. Na zimepakwa unga mweupe. Dawa! Kitale mbegu bora huja na dawa ya wadudu, nyekundu au kijani, na hata mtoto anajua haionjwi. Hapa dawa ni nyeupe, kila nchi na rangi yake.

Sijui swala kwa Kiarabu. Nikaweka vidole kichwani kama pembe, nikarukaruka, nikaonyesha kutafuna. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, akasema zen, zen, yaani safi, akaniongezea makopo mawili ya bure. Metrine akachukua mbegu moja apeleke mdomoni. Nilimnyang'anya. Nimeokoa maisha yake na hata asante hakusema.

Jumanne, 13 Januari. Shambani.

Nimepanda. Glavu mbili mbili na kitambaa puani kwa ajili ya dawa. Lawrence alinipiga picha. Namsamehe. Chini ya mbingu hii kubwa mtu hawezi kuweka kinyongo zaidi ya dakika kumi.

Ijumaa, 23 Januari.

Siku kumi za kumwagilia. Hakuna jani. Hata magugu mafi, hamna!

Leo Lawrence alitia mkono kwenye masalio ya gunia, akarusha mbegu mdomoni. Nilipiga ukelele! Nikakimbia na chupa mbili za laban, maziwa ya mgando, nikamnywesha kwa nguvu. Akazimaliza zote, akacheua, akaendelea kutafuna. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetangaza msiba, kwamba ule unga ni chumvi. Mbegu zimekaangwa. Ndizo watu wa hapa hutafuna wakitazama mpira, na hazingeota hata Kitale. Miaka miwili nimekuwa nikifagia maganda yake garini kwa baba, halas, basi, sikuwahi kuuliza ni ya nini.

Alhamisi, 29 Januari.

Shayiri sasa haitawahi. Metrine amepiga simu mara nne, sijapokea. Akaniandikia kwamba ameshawaaga wenzake wa chumbani na kununua mapazia ya chumba chetu. Mapazia! Nilikaa kiwanjani nikalia. Lawrence alikuja akakaa karibu. Nilimuuliza kama atamwambia baba. Akasema baba ana macho.

Ijumaa, 30 Januari.

Wageni kumi na wawili. Mazulia yametandikwa, kahawa imemiminwa. Mbele yao udongo mtupu. Baba aliutazama udongo, akanitazama mimi, akautazama tena. Sijawahi kutamani kuwa Lawrence ila leo.

Baada ya alasiri, wakaja.

Kwanza mmoja, akasimama mbali. Kisha tisa. Wembamba, rangi ya mchanga wenyewe, macho meusi, miguu haionekani kugusa chini. Wakaingia kiwanjani wakaanza kulamba udongo. Wakazitafuta mbegu zangu moja moja, wakazitafuna! Mmoja aliinua kichwa akaniangalia, mimi Danson, mwosha magari, na nilihisi nimesamehewa kila kitu. Baba alikuwa akitokwa na machozi na hakuyafuta.

Lawrence akaninong'oneza kwamba ni chumvi imewaleta, wanyama wa jangwani wanaitamani sana. Nikamwambia anyamaze. Baba alinishika bega, akasema shamba ni langu na mke wangu aje. Lawrence alinipa mkono. Nadhani alifurahi kweli, jambo linalonisumbua mpaka sasa.

Jumapili, 15 Februari. Nyumbani, shambani.

Metrine amefika! Mapazia ni ya bluu na ni mafupi kidogo. Asubuhi nilimkuta mlangoni akilitazama jangwa, nami nikamtazama yeye.

Kaka yake baba anakuja Alhamisi na familia nzima. Baba anataka swala, tena wengi. Niliagiza magunia sita kwa yule mzee wa Jeddah, yamefika jana. Lawrence na Metrine wamenishika huku na huku, eti nimwage chumvi tu, au nipande shayiri. Watu wa cheti na watu wa kitambaa! Swala hawakutembea kilomita zote zile kwa sababu ya chumvi. Waliitambua mbegu bora. Kukaangwa si hoja, jua la hapa linakaanga zaidi na miti inaota.

Kilichoniangusha mara ya kwanza ni chumvi, iliunguza mizizi. Kwa hiyo leo nimeziosha mbegu za magunia yote sita, maji matatu, mpaka haikubaki hata chembe. Zimeanikwa uwanjani, safi kabisa. Metrine amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Atazoea. Kesho tunapanda.