Kofia Ngumu Zinavyofunika Riziki ya Kinyozi

Kwa Meneja wa Visima vya Mafuta

Ndugu Meneja,

Salamu kwanza. Natumaini u mzima, na mitambo yenu pia ni mizima, maana tunaisikia ikinguruma hadi vikombe vinacheza kabatini. Mimi ni kinyozi. Nina kibanda chenye viti viwili, mtaa wa nyuma ya stendi. Sina ugomvi na mafuta. Mgala muue na haki yake mpe: tangu mje, mji umechangamka, hata mbwa wanatembea kama wana miadi. Tatizo ni zile kofia zenu ngumu za njano. Zikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, nafunga kibanda. Sababu zangu ni hizi:

1. Kofia ya kwanza ilimchukua shemeji yangu. Tulikuwa tukinyoa pamoja, yeye kiti cha dirishani, mimi cha ukutani. Asubuhi moja alikuwa na mwalimu wa hesabu, kamaliza upande wa kulia, lori lenu likapita na kipaza sauti likitafuta watu. Shemeji akaiweka mashine mezani ikiwa bado inavuma. "Shem, nimalizie huyu, mie nakwenda kuchimba." Nageuka na mashine mkononi, kiti kitupu! Mwalimu naye keshaparamia lori, shuka yangu ingali shingoni, kichwa nusu msitu nusu uwanja. Nikapiga kelele, "Mwalimu, nani atakuajiri na kichwa hicho?" Akajibu kutoka juu, "Wanatoa kofia!" Na kweli mkamwajiri. Sasa anashika kibendera cha kusimamisha magari, kwenye barabara isiyopita gari ila lile lori lililomleta. Shuleni hesabu anafundisha mpishi, na watoto wanajua kugawanya kwa upawa tu.

2. Wateja waliobaki wanakaa kitini bila kuvua kofia. "Chonga hapa pembeni tu, Kipara, panapoonekana." (Ndiyo, naitwa Kipara, kwa sababu ambazo sina haja ya kukueleza.) Nikiuliza, je, na juu? Wananijibu, "Juu ni mali ya kampuni." Ndugu Meneja, ni kweli? Kama ni kweli, naiomba kampuni ije inyolewe.

3. Kofia sasa zimeingia hadi kwenye mambo ya heshima. Bwana harusi wa juzi aliivaa yake ikiwa na nailoni ya dukani, asije akaichubua. Mwokaji wetu wa mikate, kijana mwenye kazi yake na mikono safi, alipeleka posa akaishia mlangoni. Mzee wa binti alimtazama utosini, akamuuliza, "Na wewe kofia yako umeiacha wapi, mwanangu?" Kesho yake mwokaji akazima tanuri, akaja kwenu. Nasikia anapima urefu wa uzio ambao haujajengwa. Kwa hiyo tuna mafuta chini ya miguu, na asubuhi tunakunywa chai kavu.

4. Hili la nne linaniuma, kwa kuwa liko nyumbani. Mke wangu, ambaye ni dada yake shemeji, hanisemi vibaya. Afadhali angenisema. Ananitetea! Jana nimemsikia akimwambia jirani, "Mume wangu si mvivu, dada. Kichwa chake tu kinateleza, kofia haikai." Nikacheka nao. Ningefanyaje? Niliijaribu ya shemeji, ikanifika puani.

Kutokana na hayo, naomba kofia zote zitengenezwe kwa kioo. Kama kioo ni ghali, zitobolewe juu, tundu la kadiri ya sahani. Jiwe likianguka, angalau litaangukia kichwa nadhifu. Kama hilo nalo gumu, basi rudisheni mafuta chini. Mabomba mnayo. Bomba linaloweza kupandisha linashindwaje kuteremsha? Na shemeji nirudishieni. Siku hizi nakaa peke yangu, nazungusha kiti cha dirishani kwa mguu ili wapita njia wadhani kuna mtu.

Nisalimie wahandisi, madereva, na wote wanaokula jikoni kwenu. Mwalimu mwambie shuka yangu aifue kabla ya kuirudisha.

Ni mimi, anayekuheshimu na kunyoa peke yake,
Kipara
Kinyozi, nyuma ya stendi

Nyongeza: Nimechelewa kuituma barua hii kwa kukosa stempu, na leo lori lenu limerudi limejaa watu wote. Wanasema visima vimekwisha kuchimbwa, mafuta sasa yanatoka yenyewe, na mnaowahitaji ni watu wawili na ufunguo. Kila mmoja kapewa kiinua mgongo. Waliposhuka wakavua kofia, wakatazamana vichwa, wote wakapata wazo moja: mji huu hauna vinyozi! Hadi jioni hii mtaa wangu una vibanda vya kunyolea tisa. Kimoja cha mwalimu. Cha shemeji kinatazamana na changu, kina kioo kikubwa kuliko changu, na kila nikiinua macho ananipungia mkono. Tafadhali, Ndugu Meneja, yafute yote niliyoandika hapo juu. Chimbeni tena, popote pale, na shemeji awe wa kwanza kupanda lori. Mkikosa mahali, hata uani kwangu panafaa. Mke wangu ameshaanua nguo.