Taa ya Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Juni

Paa limekamilika! Kuta bado hazijapigwa plasta, lakini nyumba ni nyumba. Nimechukua likizo ya wiki nzima kazini kwangu stoo ili nisimamie umeme mwenyewe. Mke wangu kauliza kama fundi umeme ameomba kusimamiwa. Maswali mengine ni uchokozi.

Jambo lenyewe ni hili, na naliandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema mezani. Mama anaishi kwa dada yangu. Mtoto wa jicho kamvamia macho yote mawili, na zamu yake ya upasuaji haijafika. Kushona, kazi anayoipenda kuliko chakula, kumeanza kumshinda. Kasema Jumamosi atakuja kuangalia chumba tulichomtengea, kisha ataamua: abaki kwa dada au ahamie kwangu. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Miaka sita namtembelea mama yangu na kukalishwa kwenye kiti cha wageni. Inaniuma.

Ninachojua ni kwamba chumba chake kwa dada kina taa moja tu, tena dhaifu. Hapo ndipo nitakapowafunga bao.

Nimechora ramani. Taa ishirini na moja, soketi thelathini. Mke wangu kaitazama sana, kisha akauliza kwa nini jikoni hakuna hata soketi moja. Nikamwambia hii ni ramani ya awali.

Jumanne, 4 Juni

Fundi umeme kaja. Mtu mkimya, penseli sikioni, hana haraka ya maisha. Ramani yangu kaikunja vizuri akaitia mfukoni. Nilidhani ni heshima.

Kisha akatuomba tuishi! Ndiyo, humo humo, ndani ya nyumba tupu. Mke wangu aingie jikoni apike hewa. Mimi nilale chini kwenye vumbi la saruji, nijifanye nimeamka natafuta swichi. Mkono unapofika, yeye anaweka alama ya chaki. Nikamwambia mimi si mwigizaji. Akasema sawa, basi ninyooshe mkono tu. Nikanyoosha. Ukaangukia mbali kabisa na pale nilipochora. Akaweka alama yake bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mke wangu alifurahi mno. Alipika hewa nusu saa nzima. Akakoroga, akaonja, akalalamika chumvi imezidi. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuanze ujenzi.

Tulipofika chumba cha Mama, fundi akagoma. Anayelala humo ndiye aje akae humo kwanza, alisema, ndipo yeye atie alama. Nikamweleza kwamba hakuna haja, mimi nimezaliwa na mwanamke huyo. Akasema atamsubiri. Kwa hiyo chumba muhimu kuliko vyote hakina hata alama moja. Hujuma!

Jumatano, 5 Juni

Shemeji, mume wa dada, kapiga simu kunisalimia. Kusalimia gani! Alitaka nijue kwamba wiki iliyopita kamfungia Mama swichi mbili kwa taa ile ile moja: anawasha mlangoni, anazima akiwa kitandani. Nikampongeza kwa sauti tamu. Nilipokata simu nikaapa: kwangu Mama atakuwa na swichi nne.

Fundi yuko kwenye kazi nyingine hadi Ijumaa. Vizuri sana. Nikaenda peke yangu na chaki. Chumba cha Mama: swichi nne, soketi tisa, na katikati kule juu nafasi ya taa moja kubwa kupita kiasi. Nikapita na sebuleni, nikasogeza alama ziangalie pale nitakapoweka kiti changu. Jikoni nikafuta tatu. Mtu mmoja hawezi kutumia soketi tano kwa mikono miwili.

Jioni mke wangu alipitia pale akitoka kazini. Aliporudi alisema tu kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, akaenda kuoga. Bora angegomba.

Alhamisi, 6 Juni

Nilikuta alama zimerudishwa jikoni na sebuleni. Nikazihamisha tena. Kufikia saa nne kulikuwa na alama za fundi, za mke wangu na zangu, na sikujua tena ipi ni ya nani. Lakini Jumamosi haimngoji mtu.

Nikamwita mwashi aliyetujengea kuta, yule tunayemwita Ndiyo Bosi kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Nikamwambia kila alama ya chaki ni tundu. Achimbe zote, na asiniletee maswali. Akasema ndiyo bosi. Nikaenda mjini kutafuta taa.

Niliipata! Ile ya kumulikia viwanja vya mpira. Muuzaji aliniuliza uwanja wangu uko wapi. Nikamwambia ni siri.

Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Chumbani kwa Mama matundu kumi na matatu, sawasawa na alama zangu. Matundu sita jikoni. Matundu kumi na moja sebuleni, mawili yakiwa yamegusana. Na kwenye korido, mahali ambapo hata fundi hakutia alama, matundu kumi na sita yamepangwa kwenye mstari kama wanafunzi asubuhi. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Kumbe wakati wa ujenzi Ndiyo Bosi alikuwa akihesabu mifuko ya saruji kwa chaki kwenye ukuta ule. Kachimba hesabu yake mwenyewe! Nilipomuuliza kwa nini, akasema hata yeye alishangaa, lakini nilikuwa nimekataza maswali.

Nimeula wa chuya.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi umeme kaitazama korido kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama tunafungua kibanda cha kuchajia simu.

Mke wangu alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa pale jikoni, akasema, bila kupaza sauti, kwamba miaka ishirini na miwili amepika akiwa amejipa kivuli mwenyewe, kwa sababu katika kila nyumba tuliyopanga taa ilikuwa nyuma yake. Alingoja hii. Na mimi, alisema, nimejua kiti changu kitakaa wapi, lakini sijawahi kumuuliza yeye anasimama wapi.

Nilitazama viatu vyangu. Ni kweli, na ukweli huo ulinichoma. Ishirini na miwili! Nimekula vyakula vyote vile bila kujua vilipikwa gizani.

Nikamwambia jikoni ni kwake, aweke alama anavyotaka. Akaweka. Fundi akaanza kuziba matundu ya ziada, na mimi nikamchanganyia saruji mpaka jioni. Sikuleta ubishi. Ila taa ya uwanjani niliifunga mwenyewe chumbani kwa Mama, fundi alipokwenda kula. Umeme tumeuvuta kwa waya kutoka kwa jirani. Kesho ni kufa kupona.

Jumamosi, 8 Juni

Walikuja saa nne: Mama, dada, shemeji. Mama alimshika dada bega, akitembea taratibu na kuhesabu vizingiti. Kakonda. Nilimwamkia, akanipapasa uso mzima kabla ya kuitikia, na hapo nusura nisahau mkakati wote.

Nikamsimamisha katikati ya chumba. Nikatoa hotuba fupi. Nikawasha.

Mama alipiga kelele! Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alisema anaona maziwa matupu, kila mahali maziwa, hata mimi nimezama ndani yake. Dada akaniambia kwa ukali kwamba mwanga mkali humtesa mwenye mtoto wa jicho, ndiyo maana kwake wameweka taa hafifu kwa makusudi.

Nilizima. Ingekuwa hiari yangu ningezimika nami.

Ndipo fundi umeme, aliyekuwa amekuja kumsubiri Mama kama alivyosema, akavuta ile ndoo ya jikoni akaiweka karibu na ukuta, akamwomba Mama akae afanye kazi yake kama kawaida. Mama akatoa sindano na uzi kwenye pochi. Akajaribu, uzi ukapita pembeni. Fundi akaleta taa ndogo yenye waya mrefu, akaishika usawa wa bega la Mama la kulia, nyuma kidogo. Nikamsahihisha: wanaoshona huwekewa taa kushoto. Akaniambia Mama anashonea mkono wa kushoto.

Kushoto! Nina umri wa miaka hamsini na mmoja. Makofi yote ya utotoni yalitua shavu langu la kulia, na sikuwahi kujiuliza.

Mara ya pili uzi ukapita. Mama aliunyanyua juu, akautazama unavyoning'inia, akacheka peke yake. Nililia. Nikasingizia vumbi la saruji, na dada akanipa kitambaa bila kunisuta. Kisha Mama akaomba chaki, akaweka alama zake mwenyewe: soketi moja ya taa ndogo na swichi moja, zote chini ya kifua changu, pale mkono wake unapofika.

Alisema atatoa jibu kesho. Leo nimejifunza mengi. Nimejifunza mpaka kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Juni

Anakuja! Mama anahamia kwangu plasta ikikauka!

Alipiga simu asubuhi. Alisema kwa dada kila kitu kinakwenda sawasawa: dawa kwa wakati, taa mahali pake, hakuna anayekosea. Hana kazi pale, anakaa tu kama pambo. Lakini jana ameona kwa macho yake haya haya mabovu kwamba kwangu bado kuna mtoto wa kulea, na mkwewe hawezi kumlea peke yake. Mke wangu alikuwa akisikiliza. Alitoka nje kidogo, nadhani kwa furaha.

Nimelitafakari jibu hilo siku nzima. Mama ni mtu wa mafumbo, hasemi kitu moja kwa moja. Nimelifumbua: ni taa. Ile kubwa ilimshtua, ndiyo, lakini ilimwonyesha nia yangu.

Jioni dada kapiga simu. Aliuliza alikosea wapi, miaka sita yote ile. Nilimhurumia kwa dhati. Nikamwambia asijilaumu, si kila mtu amejaliwa kipaji cha kupanga mwanga. Kisha nikamwahidi kwamba Jumamosi ijayo nitakwenda kwake na chaki yangu nimpangie nyumba nzima upya. Alinyamaza muda mrefu sana. Nadhani alikuwa akitafuta maneno ya kunishukuru.