Jemadari Luan Afungua Daraja la Mto Sha

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ni shemeji yangu. Mheshimiwa Mkuu wa Polisi, ambaye ni shemeji yangu mwingine. Waheshimiwa wake zangu wote, kuanzia wa kwanza hadi aliyewasili juzi. Wazee wa vijiji vya Qingyan, na ninyi wananchi mlioalikwa kwa mtutu wa bunduki: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Askari wanaangalia nani hapigi.)

Mimi, Luan Hongkui, Jemadari Mkuu wa Kutuliza Ghasia, nimewatumikia tangu ujana wangu. Wenye wivu husema nilianza kama jambazi kule mlimani. Uzushi mtupu, nilikuwa nakusanya kodi kabla ya kupata ofisi. Husema pia nimebadili bendera mara nne, na kwamba hii ya serikali mpya ya Nanjing nimeipandisha hata rangi haijakauka. Sawa, lakini mlingoti si ni ule ule? (Kicheko, kinakatizwa na kikohozi cha kapteni.)

Sasa mradi. Baada ya upembuzi yakinifu na mchakato shirikishi, ilibainika kwamba Mto Sha hauna daraja, na kwamba mbao ngumu kuliko zote wilayani mmezifungia vyumbani, kwa sura ya majeneza ambayo wazee wenu hujiwekea wangali wazima. Mtu anakula tambi zake kwa raha, jeneza limekaa bure! Huo ni ubadhirifu wa rasilimali. Ndiyo maana askari wangu waliyakusanya yote yawe daraja, na utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Minong'ono.)

Nani huyo? Mwacheni aseme. Karibu, Bibi Qiao.

("Mwanangu, mimi daraja silitaki. Nataka jeneza langu. Marehemu mume wangu alilichonga kwa mikono yake, nami nimelipaka rangi kila mwaka. Nikifa leo, mtaniviringisha kwenye mkeka kama maiti ya kuokotwa?")

Swali zuri sana, bibi. Jeneza lako ndilo nguzo ya katikati.

("Nguzo ipi? Mbona naona maji tu! We mtoto, huna haya?")

(Kapteni anageuka kutazama upande mwingine.)

Bibi, haraka haraka haina baraka. Kuanzia leo nawaagiza wazee wote wasife hadi awamu ya pili. Atakayekaidi, wanawe watawajibika. Daraja, oyee! Utii, oyee! (Oyee moja, ya shemeji.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru ninyi wa ng'ambo ya mto mliovuka nguo kichwani na maji kifuani, mkaja kutufungulia daraja. Nawashukuru wafanyabiashara wa mjini walioyanunua majeneza bila kuuliza maswali. Na wewe, Bibi Qiao, nakushukuru kipekee kwa niaba ya mama yangu mzazi, tuliyemzika wiki iliyopita: limemtosha kabisa.