Povu la Nyapara

Jumatatu, 4 Machi. Mwezi wa kumi na nne tangu niondoke nyumbani kuja kambi hii ya kazi.
Bia yangu imeiva! Nimeificha kwenye ndoo chini ya kitanda, nimevumilia harufu ya hamira. Leo nimeionja. Tamu, ila imelala kama maji ya kuoshea vyombo. Haina gesi hata chembe. Na Jumamosi nyapara, msimamizi wetu wa kazi, anatimiza miaka hamsini. Yeye ndiye anayechagua nani aende likizo kwanza, na nafasi ni moja tu. Anayeiwinda mwingine ni Fundi Bomba, tunayelala naye chumba kimoja. Yeye atampelekea keki. Keki! Mwanamume mzima!

Jumanne, 5 Machi.
Nimemchomelea mwenye baa geti lake. Kanipa pipa la bia la chuma, kuukuu, na mtungi wa gesi. Fundi Bomba kakaa kitandani anakata kucha na kunifundisha kazi. Eti pipa lipoe kwanza kwenye friji, gesi iingie kidogo kidogo, wiki nzima. Nikamuuliza hiyo wiki nitaitoa wapi. Akasema, "Shemeji, bia si tairi la lori." Mimi si shemeji yake! Sina dada, na ningekuwa naye nisingempa.

Jumatano, 6 Machi.
Mpishi kaninyima friji. Nimemwita bahili, kaniita mlevi. Basi, itajaa gesi na joto lake! Mimi ni mchomeleaji. Chuma kikikataa, naongeza moto. Bia ikikataa, naongeza presha. Nimefungua mtungi mpaka mshale wa presha umegota mwisho. Kisha nikalilaza pipa koridoni, nikalibiringisha kwa mguu, kwenda na kurudi, gesi ichanganyike. Watu wakatoka vyumbani kunizomea. Washenzi.

Ijumaa, 8 Machi.
Nimetega sikio kwenye pipa. Kimya. Nikaongeza.

Jumamosi, 9 Machi.
Nyapara kaja na shati jeupe. Nikamwomba afungue koki kwa mkono wake mwenyewe, heshima yake. Fundi Bomba akarudi nyuma ya mlango, keki kifuani. Alijua, yule mnafiki! Povu likamvaa nyapara usoni, likashuka shatini, likapanda mpaka dari. Haikubaki bia ya kujaza hata glasi moja. Nyapara akafuta macho, akaomba kipande cha keki.

Jumapili, 10 Machi.
Fundi Bomba kaondoka likizo asubuhi, anapiga mluzi. Mimi nimewekwa mkiani mwa orodha. Kaniachia keki iliyobaki juu ya mto wangu. Nimeila kwa hasira. Tamu, mbwa yule!
Nimekaa nikatafuta kosa liko wapi. Nimeliona: presha ilikuwa ndogo. Na kubiringisha nako sikubiringisha vya kutosha. Kimea kipya nimeshaloweka, na karakanani nimeona mtungi mkubwa zaidi. Mwisho wa Aprili bosi wa nyapara anakuja kutukagua. Ataonja yeye kwanza. Nimempigia mke wangu, nimemwambia apake chumba rangi: tarehe moja Mei niko mlangoni.