Mbwa wa Saiti na Cheo cha Nyapara

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nyapara wetu Ferdinand ameacha kazi, amerudi kwao Mbinga. Hapa saiti ya Bunju tunaofaa kumrithi ni wawili: mimi Mngoni na Adelard Mhehe. Nyapara habebi zege. Anasimama kivulini, ananyoosha kidole. Mgongo wangu unakitaka hicho cheo kuliko mimi mwenyewe.

Leo amekuja dada mmoja, Noela. Anasema anasoma sosholojia chuo kikuu. Amekalia tofali anatutazama. Eti anachunguza watu wa mikoa tofauti wanavyofanya kazi pamoja. Mtu mzima na akili zake asomee kutazama watu wakikoroga zege? Huyu ametumwa na mwenye jengo, Mama Vaileth, amchagulie nyapara.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemvuta Noela pembeni nimsaidie kazi. Nikampa kabila moja moja: Wahaya majivuno, Wazaramo ngoma. Nikamalizia na Wahehe: hasira za karibu, na wanakula mbwa. Wote. Akauliza nimewaona wangapi wakila. Nikamjibu sijamwona hata mmoja, ndiyo ushahidi kwamba wanajificha. Akasema tabia ya mtu mmoja haibandikwi kabila zima. Lazima uulize wengi, ukae nao, uwatazame.

Nimemwelewa. Anataka ushahidi. Atapata.

Jumatano, 13 Agosti
Alfajiri nimempeleka Tomi, mbwa wa saiti, Mabwepande kwa rafiki yangu Brightson. Nimemwambia amfunge mpaka nipate cheo.

Mama Vaileth alipofika nikampa shikamoo, nikamwambia kwa masikitiko kwamba Tomi haonekani. Simtaji mtu, ila humu ndani yumo Mhehe. Mama akacheka mpaka akashikilia nondo. Akasema Wangoni na Wahehe tutakufa na utani wetu. Nikamwambia mie sitanii. Akacheka zaidi, akasema utani wa kukaza uso ndio mtamu. Noela akaomba nirudie, arekodi kwenye simu. Nikarudia. Sijui kwa nini nilirudia.

Alhamisi, 14 Agosti
Habari zimemfikia Adelard. Nikangoja zile hasira. Nilitaka arushe koleo mbele ya Mama Vaileth, yaishe. Badala yake mchana akachukua sahani yangu ya wali maharage, akaila yote watu wakiona. Akasema hiyo ni faini ya mtani, tena baada ya kumla Tomi alihitaji kitu cha kushushia. Mngoni akisikia njaa, stoo kuna panya. Saiti nzima hoi.

Mtani akichukua chako huruhusiwi kununa. Nikacheka. Tumbo halikucheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Tomi amekata kamba, amerudi mwenyewe. Alinipita akinikoromea, akaenda kumlamba Adelard miguu.

Mama Vaileth akasema mtu anayesemwa wiki nzima asikasirike ndiye wa kusimamia wanaume. Adelard ni nyapara. Amri yake ya kwanza: Mngoni apandishe zege ghorofa ya pili, maana babu zake walitembea kutoka Afrika Kusini, kabila lote hawachoki. Nikamwambia mimi nachoka. Akasema Wangoni wote wanasemaga hivyo.

Jumatatu, 18 Agosti
Jana nimeshinda nimelala chali, nikitafakari. Kosa langu nimeliona. Nilichosema kilikuwa sawa, ila nilimsema mtani, na maneno ya mtani hayana uzito.

Leo Noela amekuja kuaga. Akaniuliza hizi siku zimenifundisha nini. Nikamwambia njia yake ni nzuri. Nimekaa naye, nimemtazama, sasa nawajua wanasosholojia wote: wanacheka kimoyomoyo na hawatoi vyeo. Akashusha pumzi ndefu. Hiyo nayo nimeiongeza kwenye tabia zao.

Nasikia kuna saiti Tegeta wanatafuta nyapara. Kesho naenda. Anayekiwania cheo huko ni Godlisten, Mpare. Wapare hawana utani na Wangoni. Huko nitasikilizwa.